Mbwa wangu anapoteza macho polepole. Waliowahi kuishi na mbwa kipofu, nisaidieni

MamaMahamri, Kiembeni

Hamjambo jamani. Nimekuwa nikisoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo nimejitokeza kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia jambo hili akanielewa.

Nina mbwa jike anaitwa Kashata. Rangi yake ni ile ya kashata ya nazi iliyoungua kidogo, ndiyo maana mwanangu mkubwa akampa jina hilo. Ana miaka tisa. Mama yake alikuwa spanieli wa nyumba moja Nyali nilikokuwa nikifua nguo, na baba alikuwa mbwa wa nyumba ya pili, naye na masikio yaleyale marefu. Nilimleta kwa matatu ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, akalala njia nzima.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Naamka saa tisa na nusu usiku, unga nimeukanda tangu jioni. Jiko liko uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma. Miaka yote hii Kashata ndiye anayenitangulia. Nikivuta komeo tu keshatoka, anazunguka ukuta mara moja, kisha anarudi kulala karibu na gunia la makaa mpaka kupambazuke. Mwanamke peke yake uani saa ile, mbwa ni mwenzio hasa.

Mwaka jana wakati wa kaskazi, stima zilipotea usiku. Nikafungua mlango, Kashata hakutoka. Alisimama kizingitini, mguu mmoja wa mbele ukining'inia hewani, kama mtoto anayeogopa maji ya bahari. Nikatangulia mimi nikamwita. Masikio yakageuka kunifuata lakini macho yakabaki yametazama pengine. Nikadhani amehisi nyoka. Kesho yake stima zikarudi, akatoka kama kawaida, nami nikasahau.

Kumbe ndio ulikuwa mwanzo. Usiku usio na mwezi akawa anatembea ubavu ukigusa ukuta. Jua likishazama hapandi tena kibarazani mpaka nimshike. Nikimmulika kwa tochi ya simu macho yanawaka kijani kama taa za gari, na mboni zimefunguka kubwa hata mchana wa jua kali. Tangu mvua za Mei mwaka huu, mchana nao umeingia. Viti vya wateja anavigonga. Mtaro wa mbele ya nyumba ulipojaa alitumbukia hadi shingoni, nikamvuta kwa ngozi ya mgongo, mvua inaninyeshea na mimi nalia.

Huwa nakaa nikimtazama anavyokula. Anakuja pua chini, anapeleka kichwa kushoto na kulia taratibu, mpaka sharubu ziguse ukingo wa sufuria. Hapo anasimama tuli. Halafu anaweka mguu mmoja juu ya ukingo, kama anaishika sufuria isimkimbie, ndipo anainama. Kila siku hivyohivyo. Sima yake na vichwa vya samaki anamaliza, na mkia unapiga muda wote.

Hofu yangu kubwa ni karai. Jiko langu la makaa ni la chini, karai limejaa mafuta yanayochemka, na yeye amezoea kupita palepale. Wiki iliyopita pua yake ilifika shubiri moja kutoka kwenye moto ndipo joto likamrudisha. Uani kuna na kisima, kifuniko chake ni bati tu.

Hofu nyingine ni watu. Watoto wa mtaani wamemwona akiyumba na kugonga nguzo, wakaanza kupiga kelele "kichaa! kichaa!" Kijana mmoja akaokota jiwe. Nilimkinga kwa mwili wangu. Na Jumatatu jioni, lango liliachwa wazi, Kashata akatoka mchochoroni na kumparamia mzee wa nyumba ya tatu, anakwenda msikitini kuswali Magharibi, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. Hakunikemea. Alinitazama tu, akarudi kwake kubadilisha nguo, na swala ya jamaa ikampita. Ni mteja wangu tangu nianze biashara, mahamri manne kila asubuhi. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Jambo hili limenichoma kuliko lile jiwe.

Nilimpeleka Kashata kwa daktari mmoja wa wanyama. Macho hakuyagusa. Alisema ni uzee, akanitajia bei ya sindano ya kumlaza asiamke tena. Nikamfunga kamba yake tukaondoka.

Naomba mnieleze, kuna dawa? Na kama hakuna, mtu anaishije na mbwa asiyeona kwenye ua mdogo wenye moto na kisima? Au kweli namtesa?

AfisaMifugoMstaafu, Mariakani

Mama, pole sana. Nimefanya kazi ya mifugo Pwani hii miaka thelathini na kidogo, nami nitakueleza ninavyoelewa, ila kumbuka sijamshika mbwa wako.

Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja na mbwa mkononi. Kuanza na giza, mboni kubaki wazi mchana, macho kuwaka sana kwenye tochi: haya yote yanaelekeza kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Una chembe za aina mbili, za kuonea gizani na za kuonea mchana. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoua zile za gizani kwanza, kisha zile za mchana. Nyuma ya retina mbwa ana tabaka linalorudisha mwanga kama kioo. Retina ikikonda, kioo hicho kinabaki wazi zaidi, ndiyo maana macho ya Kashata yanawaka kuliko zamani. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza Uswidi mwaka 1911, kwa mbwa aina ya Gordon Setter, na spanieli ni miongoni mwa wanaoandamwa nao. Kwa kawaida hutokea mbwa akirithi kwa baba na mama wote wawili, na wewe umesema wote walikuwa na masikio yaleyale.

Kama ni huo, dawa hakuna. Sitakudanganya. Lakini hauumi. Mbwa hapati maumivu yoyote kwa retina kufa, na kwa kuwa unakwenda polepole, miezi kwa miezi, anajifunza ramani ya nyumba kabla taa haijazimika. Ndiyo maana mkia unapiga.

Hata hivyo, usikubali neno langu wala la yule wa sindano kabla ya mambo haya kutazamwa. Muhimu zaidi huku kwetu ni homa ya kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi ndani ya nyumba zetu, anapanda ukuta, anajificha kwenye nyufa za mawe ya matumbawe na kutaga maelfu ya mayai humo. Vijidudu anavyoambukiza vinaweza kuvujisha damu ndani ya jicho na kulipofusha. Hiyo inatibika, kwa doksisaiklini ya wiki kama nne, na ikiwahiwa jicho linaweza kuokolewa. Damu yake ipimwe. Ukimwona fizi zimepauka, anachoka, pua inatoa damu, usingoje.

Pia tazama maji anayokunywa. Mbwa mwenye kisukari hunywa na kukojoa kupita kiasi, na mtoto wa jicho humjia kwa haraka, jicho likawa jeupe. Ukiona ukungu wa buluu tu katikati ya mboni, huo mara nyingi ni wa umri na hauzibi kuona sana.

Kuna moja la kukimbilia siku hiyohiyo: jicho likiwa jekundu, limevimba, anafumba na hataki uguse kichwa. Hiyo ni presha ya jicho, maumivu yake ni makali mno. Mwenye ugonjwa wa retina naye anaweza kupata mtoto wa jicho baadaye na kuishia huko, kwa hiyo uwe unayakagua macho hata akishapofuka kabisa.

Na tafadhali, matone ya macho ya binadamu yaliyobaki kabatini usimtie. Mengine yana steroidi, na jicho likiwa na kidonda huliharibu kabisa.

Ukitaka kujua anaona kiasi gani, kaa naye mahali kimya, dondosha kipande cha pamba mbele yake. Pamba haina sauti wala harufu ya kumvutia. Akikifuata kwa kichwa, bado anaona. Fanya mchana, kisha ufanye magharibi.

Kuhusu kichaa: mbwa mwenye kichaa hubadilika ghafla, hudondokwa mate, taya hulegea, na kwa kawaida hafikishi siku kumi baada ya dalili kuanza. Kashata ana mwaka na zaidi. Lakini majirani hawawezi kujua hivyo, na woga wao una haki, ugonjwa ule unaua. Mchanje kila mwaka, kadi uiweke karibu, uwaonyeshe wazazi wa watoto wale. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, sikiliza matangazo karibu na siku hiyo, huenda chanjo ikawa ya bure.

MkweliDaima

Mama bei ya unga na mafuta unaijua kuliko mimi. Pesa za kupima damu ya mbwa ungelipia karo. Mbwa ni mbwa, akizeeka anaondoka, unaleta mwingine.

MamaMahamri

Afisa, shikamoo, na asante sana. Nimeyasoma mara tatu. Kupe anao, sitaficha, na nyumba yangu ni ya mawe hayohayo. Nitampeleka apimwe, safari hii kwa mwingine.

MkweliDaima, sijakasirika, karo ni kweli. Lakini nikueleze. Mwaka 2020 wakati wa kafyu ya korona, mume wangu alikuwa amekwama bara, niko peke yangu na watoto watatu. Mtu aliruka ukuta usiku, akaingia mpaka jikoni, akashika mtungi wa gesi. Kashata alimng'ang'ania suruali mpaka nikaamka na majirani wakaamka. Alipigwa teke la mbavu, akahema vibaya siku nne. Hakuniuliza bei ya kitu. Mimi leo siwezi kumwambia aondoke kwa kuwa amegonga kiti.

MlinziShimanzi

Mama, mimi ni mlinzi wa usiku kwenye maghala, na mbwa wangu wa kazi aliishi miaka mitatu bila macho. Wa kwangu alitemewa na swila usoni. Tulichelewa kumwosha. Kwa faida ya wengine: swila akimtemea mbwa, papohapo mwagia maji mengi safi macho, dakika kumi na tano au zaidi, ndipo utafute daktari. Maziwa na majani tuliyoyahangaikia sisi yalitupotezea muda.

Tuje kwa Kashata. Jiko lizungushie. Usimfundishe akae mbali na karai, mfanye asiweze kufika. Mbao za paleti zinauzwa rahisi, fundi akutengenezee uzio wa kufika kiunoni na kamlango kadogo. Kisima vilevile, bati litoke, uweke kifuniko cha mbao nzito au zege. Hayo mawili ufanye wiki hii.

Baada ya hapo, usihamishe kitu. Mbwa wangu alikuwa akizunguka ghala lote kwa mwendo wa kukimbia, watu hawaamini kuwa ni kipofu, mpaka siku kijana akaegesha mkokoteni pasipo pake, akapasuka mdomo. Viti vya wateja viwe na mahali pake, jioni virudi palepale.

Ardhi mfanyie iongee. Mbele ya ngazi tandika gunia la katani. Kukizunguka kisima mwaga kokoto, upana wa hatua mbili. Mlangoni weka jamvi. Miguu yake itasoma: gunia ni ngazi, kokoto ni hatari, jamvi ni nyumbani. Wa kwangu alichukua siku tisa kuelewa, nilikuwa nahesabu.

Maneno machache, yaleyale, na nyumba nzima mseme sawa. Mimi nilikuwa na "ngazi", "simama" na "pole". Pole maana yake kuna kitu mbele, punguza mwendo. Siku nikilisahau neno anagonga, na kosa ni langu. Watoto nao wamwite jina kabla ya kumgusa, la sivyo atashtuka na mbwa aliyeshtuka huuma.

Wewe mwenyewe vaa kitu kinacholia. Mimi nilikuwa na funguo kiunoni, alinijua kwa funguo kutoka mbali.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo huwezi kusikia kwa watu wa bara. Upepo wa kusi ukikaza, mbwa kipofu hutaabika. Makuti na mabati yanapiga kelele, harufu zinapeperushwa, ramani yake inavurugika. Siku kama hizo wangu alikataa kutoka kona yake, nikadhani mgonjwa. Mwekee mahali pasipopigwa na upepo, umwache atulie.

Kwa wiki za mwanzo nilimvalisha mduara wa mpira wa maji, ule mwembamba, umefungwa kwenye mkanda wa kifuani na kutangulia pua. Ukigonga ukuta unagonga mpira kwanza. Ukitaka nitakueleza unavyofungwa.

BintiTudor

Mama, mimi nataka kusema juu ya yule mzee tu, mengine wenzangu wamekueleza.

Sisi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku Pwani, umajimaji wa mbwa ni najisi, na nguo ikipata inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakina neno, lakini pua ya mbwa mara nyingi ni ya maji. Kwa hiyo mzee alikuwa hana budi kurudi nyumbani. Hakufanya vile kwa chuki. Usiyasome macho yake vibaya.

Kutokuja kwake, mimi nadhani ni haya. Anaogopa akija atakutia aibu, nawe unaogopa ukimwona. Nenda wewe. Usiende na mahamri mkononi kama mtu anayelipa faini. Nenda jioni, piga hodi, anza na mkewe kama yupo, omba radhi kwa ile kanzu na ile swala, na umweleze kwamba mbwa haoni. Huenda hajui. Wengi wetu tunamwona mbwa anakuja tunadhani ametukusudia. Na mzee wa msikitini anaijua hadithi ya yule mwanamke aliyevua kiatu, akakifunga kwa ushungi wake, akateka maji kisimani kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Huna haja ya kumkumbusha.

Wateja wako Waislamu nao waone kwa macho yao kwamba unga na mbwa havikutani. Ule uzio wa mlinzi utakufaa kwa hili pia.

MamaMahamri

Ni wiki saba tangu niandike. Wengine mmeniuliza pembeni, nisameheni kwa kuchelewa, nilitaka nije na kitu cha kusema.

Damu ilipimwa. Homa ya kupe alikuwa nayo, Afisa ulisema kweli. Nilikuwa naona anasinzia sana mchana nikadhani ni huzuni ya macho. Amemaliza dawa wiki nne, namfichia kidonge ndani ya kichwa cha samaki. Nyufa za ukuta zote za chini tumeziziba kwa simiti, na yeye amepakwa dawa ya kupe. Uchangamfu umerudi, amerudi hata kuchimba chini ya mwembe. Macho hayakurudi. Daktari wa sasa ni kijana aliyesomea udaktari wa wanyama kule Kabete. Alimweka chumba cha giza, akamwangalia kwa taa kila jicho, muda mrefu, akanionyesha na mimi. Mishipa ya nyuma ya jicho imekonda kama nyuzi. Akasema homa imeongezea lakini chanzo ni retina yenyewe, na kwamba hapo alipo anatofautisha mwanga na kivuli, zaidi ya hapo hapana. Nilimuuliza kama namtesa. Akasema, "Mama, mtazame." Kashata alikuwa anamnusa viatu, mkia juu.

Uzio wa jiko upo, mbao za paleti kama ulivyosema Mlinzi, umenigharimu mahamri ya siku mbili. Kisima kina kifuniko cha zege, mimi na mwanangu wote ndio tunaokiinua. Kokoto nilimwaga. Siku ya kwanza Kashata alikanyaga, akaondoa mguu, akakanyaga tena, akasimama akiwaza, kisha akazunguka. Sikuwa nimemwambia neno. Gunia la ngazini lilichukua muda zaidi, alikuwa analala juu yake badala ya kupanda.

Funguo sina za kutosha kulia, kwa hiyo nimeshona njuga tatu kwenye pindo la leso yangu ya kazi, za shangazi yangu wa Kaloleni. Sasa asubuhi nikitoka nachacharika kama mcheza ngoma na yeye anakuja nyuma yangu, pua kwenye pindo. Ila nimegundua jambo ambalo hamkuniambia: anaijua saa kwa iliki. Nikishaanza kukaanga, harufu ikatoka, anaamka alipo na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio bila kugusa kitu, analala pale, mgongo kwenye mbao.

Wazazi wa watoto niliwaita kibarazani, nikawaonyesha kadi ya chanjo, nikawapa chai. Mmoja bado hataki mwanawe akaribie, nami sikumlazimisha. Wale wawili waliokuwa wanapiga kelele wamejifunza "pole" na "simama", wanamwambia kutoka nje ya lango, wakati mwingine bila sababu, maskini anasimama kila baada ya hatua.

BintiTudor, nilikwenda. Nilikaa siku sita kabla sijapata moyo. Nilipiga hodi baada ya Alasiri, mkewe akanikaribisha, mzee akatoka. Nikaomba radhi ya kanzu na ya jamaa iliyompita. Nikasema haoni, mzee wangu, haoni kabisa. Alinyamaza. Kisha akaniuliza tangu lini, na kama alizaliwa hivyo, na kama anajua njia ya kwenda kunywa maji. Nikamjibu yote. Akasema mamake mzazi alipofuka uzeeni, na kwamba walikuwa wakimgongea fimbo sakafuni kabla ya kuingia chumbani kwake ili asishtuke. Hatukusema mengi zaidi.

Tangu siku ile anapokwenda Alfajiri, akifika kwenye kona ya ukuta wangu anagonga bakora yake chini mara tatu. Nasikia nikiwa jikoni. Kashata naye anasikia. Hata lango likiwa wazi anakaa kitako na kuelekeza masikio huko mpaka nyayo zimepita, ndipo anajilaza tena. Mzee akirudi kutoka msikitini anachukua mahamri yake manne.

Mlinzi, lile la mduara wa mpira bado sijafanikiwa. Fundi alikata mfupi, ukawa unakaa shingoni na hautangulii pua. Na ukiwa mrefu unakwama mlangoni. Nieleze kipimo.

MlinziShimanzi

Pima akiwa amesimama, kichwa kimeinuka, usipime akiwa amelala. Mpira upite pua kwa vidole vinne tu, na upana uzidi mabega kwa kidogo, kama kiganja kila upande. Ufunge kwenye mkanda wa kifuani, kamba mbili juu ya mabega na moja chini ya kifua, usifunge shingoni. Ndani ya mpira pitisha waya mwembamba ili usilegee kwa jua la hapa. Na muvue usiku akilala. Kwa namna ulivyomweleza na hizo kokoto, huenda baada ya mwezi mmoja usiuhitaji tena.

MamaMahamri

Asante. Fundi anakuja Jumamosi, nitamwonyesha hii.